Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Amefeli Baiolojia, Je, Atahitimu?

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zimetoka kwa wazazi na wanafunzi wanaoishi jimbo la Washington, Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja: mwanafunzi ambaye hakufaulu somo la sayansi kwa njia ya kawaida anawezaje kutimiza sharti la sayansi ili apate diploma yake ya sekondari? Tumechagua barua tatu. Kanuni za kuhitimu hutungwa na kila jimbo, kwa hiyo msomaji aliye Texas au Ohio asiyachukue majibu haya kama yalivyo, bali aulize kanuni za kwake.

Swali la kwanza, kutoka kwa mama wa watoto wanne, Kent

Mheshimiwa mwandishi, salaam. Sisi tulitoka Kongo, tukaishi kambini Kakuma miaka mingi, kisha tukaletwa huku. Kijana wangu mkubwa ana miaka 17 na yuko darasa la 11. Kule Kakuma alimaliza kidato cha kwanza chote. Mwaka jana alipoingizwa darasa la 10 hapa, Kiingereza kilimshinda, akafeli baiolojia. Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka shuleni, nikaambiwa kwamba huenda asihitimu na wenzake kwa sababu ya sayansi. Jirani yangu anasema wilaya ya shule inaweza kumsamehe krediti 2, yaani pointi za masomo zinazohitajika kuhitimu, na mwingine anasema aache shule akafanye mtihani wa GED, ule wa kupata cheti cha kulingana na diploma. Tena nasikia kuna mtihani wa sayansi wa jimbo ambao hajaufanya. Nimeambatanisha karatasi yake ya alama. Je, ipo njia nyingine, au ndiyo basi?

Jibu

Mama, pole kwa simu hiyo. Njia zipo, na karatasi uliyotutumia ina habari njema ambayo pengine hakuna aliyekaa nawe akakusomea.

Itazame tena sehemu ya baiolojia. Utaona mistari miwili: wa muhula wa kwanza una herufi F na mbele yake 0.00, na wa muhula wa pili una herufi D na mbele yake 0.50. Katika shule za Washington somo la mwaka mzima hugawanywa katika mihula miwili, na kila muhula una nusu krediti yake. Alama ya D haipendezi, lakini kijana amepewa krediti kwa alama hiyo. Kwa hiyo mwanao hakufeli baiolojia yote. Alianguka katika miezi ile ya kwanza alipokuwa hajui hata mwalimu anasema nini, kisha akasimama. Mimi naiona D ile kama kazi kubwa ya mtoto aliyekuwa akijifunza lugha na somo kwa wakati mmoja.

Sasa tupige hesabu. Jimbo linataka jumla ya krediti 24 ili mwanafunzi ahitimu, na katika hizo krediti 3 ni za sayansi, ambazo angalau 2 kati yake ziwe za masomo yenye maabara. Mwanao ana 0.5 ya baiolojia. Mwaka huu anasoma sayansi ya fizikia na kemia ya msingi, na muhula wake wa kwanza amefaulu. Akifaulu na wa pili, mwezi wa Juni atakuwa na krediti 1.5. Kitakachobaki ni krediti 1.5, na bado ana likizo ya kiangazi na darasa lote la 12 mbele yake.

Jambo la kwanza la kudai ni kwamba masomo ya Kakuma yahesabiwe. Shule za Kakuma hufuata mtaala wa Kenya, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma kwa mtaala wa zamani alifundishwa baiolojia, kemia na fizikia, kila somo peke yake, mwaka mzima. Kidato cha kwanza cha Kenya kinalingana na darasa la 9 la Marekani, ambalo ndilo darasa la kwanza la sekondari huku. Katika karatasi uliyotuma sikuona krediti hata moja iliyotoka Kakuma, jambo linaloonyesha kwamba ripoti fomu za kijana hazikuwahi kukaguliwa, au zilikaguliwa zikawekwa kando. Zitafuteni. Kama zimo katika bahasha ya hati za safari, toeni nakala mzipeleke kwa mshauri wa wanafunzi, mkaombe kwa maandishi kwamba wilaya ya shule izikague kwa ajili ya krediti. Kama zilipotea, iandikieni shule ya kule iwatumie nyingine. Ni wilaya inayoamua krediti ngapi zitatolewa kwa masomo hayo, na haiwezi kuamua juu ya karatasi ambayo haijaiona.

Na kama ripoti hazitapatikana kabisa? Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hawapaswi. Kwa kanuni za Washington, krediti haitokani lazima na saa ambazo mtoto amekaa darasani. Hata lile sharti la saa 150 kwa krediti moja liliondolewa mwaka 2011. Wilaya inaweza kutoa krediti kwa mwanafunzi aliyeonyesha kwamba anayajua yale yanayotakiwa, kwa mtihani, kwa kazi aliyoiandika na kuikusanya, au kwa njia nyingine iliyowekwa katika sera yake. Wilaya hazilingani katika jambo hili, nyingine zina sera pana na nyingine finyu, kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: “Sera ya wilaya kuhusu krediti kwa kuonyesha umahiri inasemaje juu ya sayansi?” Ulizeni hivyo hivyo, na mwombe nakala ya sera yenyewe.

Nusu ya baiolojia iliyopotea ndiyo rahisi zaidi kuirudisha. Wilaya nyingi zina masomo ya kurejesha krediti, ama wakati wa kiangazi, ama baada ya saa za kawaida, ama kwa kompyuta. Kijana hatarudia mwaka mzima, atarudia muhula ule wa kwanza tu. Hata hivyo kabla ya kumwandikisha ulizeni mambo mawili. Mosi, je, somo hilo la kompyuta litaandikwa kuwa la maabara? Kumbuka kwamba krediti 2 kati ya zile 3 lazima ziwe za maabara, na somo ambalo mtoto ameangalia picha na kubonyeza majibu huenda lisihesabiwe hivyo. Pili, je, litakuwa na msaada kwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza? Kumweka mbele ya skrini iliyojaa maneno ya Kiingereza mtoto yule yule aliyeangushwa na Kiingereza ni kumrudisha pale pale alipoanguka.

Na hapa niseme jambo ambalo wazazi wetu hawaambiwi vya kutosha. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na familia za Kichina za San Francisco, iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kile kile na mwalimu yule yule, bila msaada wowote wa lugha, si kumpa elimu iliyo sawa na ya wenzake. Msaada huo ni haki yake katika masomo yote, sayansi ikiwemo. Katika kikao chenu ulizeni ni msaada gani aliopewa katika muhula ule alioufeli.

Kuhusu yale aliyosema jirani, amesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba wilaya inaweza kumwondolea mwanafunzi hadi krediti 2 kati ya 24 kwa sababu ya hali yake binafsi, lakini msamaha huo haugusi krediti 17 za masomo ya msingi, na zile 3 za sayansi zimo ndani ya hizo 17. Kwa hiyo msamaha unaweza kumpunguzia mzigo mwingine, lakini sayansi itabaki palepale.

Mzigo wa upande mwingine, hata hivyo, unaweza kupunguzwa kwa njia ambayo watoto wetu wanayo mdomoni. Sharti la kawaida la Washington lina krediti 2 za lugha ya kigeni, na jimbo linaruhusu mwanafunzi kupata krediti hizo kwa kufanya mtihani wa lugha anayoijua, bila kukaa darasani. Anayefanya vizuri hupata hadi 4. Mtoto anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri anaweza kuzipata kwa siku moja, na ratiba yake ya darasa la 12 ikawa na nafasi ya somo la pili la sayansi. Kama mwanao anaongea Kiswahili lakini hakiandiki, ana miezi kadhaa ya kujifunza nyumbani, na mwalimu anaye: ni wewe.

Mtihani wa sayansi wa jimbo usikunyime usingizi. Ule unaofanywa darasa la 11 hautumiki kumzuia mwanafunzi kuhitimu; sharti la kufaulu mtihani wa baiolojia ili upate diploma lilikwisha kufutwa na Bunge la jimbo. Njia za kuhitimu ambazo shule huzitaja sana siku hizi hazimlazimishi mwanafunzi kufaulu mtihani wa sayansi.

GED nitaieleza zaidi katika jibu la tatu, lakini kwa kijana wa miaka 17 aliye darasani, anayefaulu, na anayepungukiwa na krediti moja na nusu tu, siishauri hata kidogo. Kwanza mtu aliye chini ya miaka 19 anahitaji idhini ya wilaya ili aufanye, na pili moja ya mitihani yake minne ni ya sayansi, kwa Kiingereza au Kihispania. Atakuwa amekimbia sayansi na kukutana nayo tena mlango wa pili.

Mkienda kwenye kikao, ombeni mkalimani mapema. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila kumtoza senti. Nakusihi sana, mama, usikubali mwanao awe ndiye mkalimani wa kikao kinachomhusu. Nimeketi katika vikao vya namna hiyo, nikamsikia mtoto akiifasiri habari ya F tatu kuwa “mwalimu anasema niongeze bidii kidogo”. Hakuwa mwongo, alikuwa anaona aibu mbele ya mama yake.

Swali la pili, kutoka kwa mwanafunzi wa darasa la 10, Tukwila

Shikamoo mwandishi. Mimi ni msichana, wazazi wangu wanatoka Tanzania. Napenda kazi za mikono kuliko vitabu, na bibi yangu Tanga ni mkulima. Shule yetu ina somo la sayansi ya mimea na kilimo, lakini rafiki zangu wanasema ni somo la wanaoshindwa na kwamba halihesabiwi kama sayansi. Ndoto yangu ni kuwa muuguzi. Je, nikilichukua nitakosa krediti ya sayansi, na vyuo vitanikataa?

Jibu

Marahaba mwanangu. Rafiki zako wamekosea kuhusu krediti, lakini swali lako la vyuo ni zito kuliko wanavyodhani.

Mwaka 2014 Bunge la Washington liliagiza iandaliwe orodha ya masomo ya ufundi na taaluma ambayo yana sayansi au hisabati ya kutosha kulinganishwa na masomo ya kawaida. Somo likiwa katika orodha hiyo, na shule yako ikilifundisha kwa mtaala ulioidhinishwa, linaingia katika karatasi yako kama sayansi halisi, mara nyingi sayansi ya maabara. Tena lina faida ya ziada: jimbo linataka krediti 1 ya elimu ya ufundi na krediti 3 za sayansi, na somo moja la namna hii linaweza kutimiza masharti yote mawili kwa pamoja. Usichanganyikiwe hapo, maana utapata krediti moja, si mbili, na jumla ya 24 haipungui. Unachopata ni nafasi moja huru ya kuchagua somo jingine ulipendalo.

Na wasikwambie ni somo la wanaoshindwa. Katika darasa la namna hiyo mwanafunzi huchukua udongo, huukoroga katika maji yaliyosafishwa, huchovya kipimo cha tindikali, husoma namba, kisha anaeleza kwa nini mche wa mchicha umekuwa wa manjano katika udongo huu na kijani katika ule. Bibi yako Tanga hutazama jani akajua udongo umechoka. Darasani wewe utajifunza kupima kile anachokiona, na kukiandika kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukirudia na kupata jibu lile lile. Sijui sayansi ni nini kama hiyo siyo.

Lakini unataka uuguzi, kwa hiyo nakuomba uulize mambo mawili kabla ya kujiandikisha. La kwanza: katika shule yenu, somo hilo limeandikishwa kama sayansi ya maabara, au kama somo la kuchagua tu? Jina linaweza kufanana kati ya shule na shule, lakini uandikishwaji ukatofautiana, na kinachohesabiwa ni kile kilichoandikwa. La pili: je, linakubaliwa kati ya masomo ambayo vyuo vikuu vya umma vya jimbo vinayataka? Vyuo hivyo vina orodha yao ya masharti, tofauti na ya diploma: krediti 3 za sayansi, 2 zikiwa za maabara, na ndani yake iwemo sayansi inayotumia hesabu za aljebra. Mtu anaweza kuhitimu sekondari kwa heshima zote na bado akapungukiwa na somo moja la chuo kikuu.

Kwa uuguzi, ushauri wangu ni kwamba kilimo kiwe krediti mojawapo, baiolojia iwe ya pili, na ya tatu iwe kemia. Krediti ya tatu ya sayansi kwa kanuni za jimbo huchaguliwa na mwanafunzi mwenyewe kulingana na mpango wake wa baadaye, kwa kibali cha mzazi, kwa hiyo una haki ya kuipanga. Kozi za uuguzi hutanguliwa na kemia, anatomia na mikrobiolojia, na ni heri ukutane na kemia sasa, mahali ambapo mwalimu anakujua kwa jina.

Mwakani utakapokuwa darasa la 11 utafunguliwa mlango mwingine uitwao Running Start. Huu ni mpango wa jimbo unaomruhusu mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 kusoma katika chuo cha jamii, kwa mfano Highline College kilicho jirani yenu, bila kulipa ada ya masomo. Somo la chuo lenye krediti 5 za robo mwaka ni sawa na krediti 1 ya sekondari. Maana yake ni kwamba somo la kemia lenye maabara, ambalo shuleni lingekuchukua kuanzia Septemba hadi Juni, chuoni unalimaliza kwa takriban wiki 11, na linahesabiwa pande zote mbili. Vitabu, nauli na ada ndogondogo ni juu yenu, ingawa familia ya kipato kidogo inaweza kuomba msamaha wa baadhi ya gharama hizo. Nakutahadharisha jambo moja tu: alama ya chuo haifutiki. Ukifeli pale, F hiyo itakufuata hadi siku utakapoomba kuingia shule ya uuguzi. Anza na somo moja, jipime, ndipo uongeze.

Vipo pia vituo vya ujuzi, kama kile cha Burien, ambako wanafunzi wa sekondari husoma nusu siku masomo ya kazi, yakiwemo ya afya, na baadhi hubeba krediti ya sayansi. Muulize mshauri wako, tena umwulize wewe mwenyewe.

Swali la tatu, kutoka kwa baba, Spokane

Ndugu mwandishi, mwanangu ana miaka 19. Aliacha shule miaka miwili iliyopita akaenda kufanya kazi ya ghala ili anisaidie kodi ya nyumba. Ana krediti 15, na ya sayansi ni 1 tu. Sasa anataka kurudi lakini anaona haya kukaa na watoto wa miaka 15. Afanye nini?

Jibu

Ndugu yangu, mtoto aliyeacha shule ili nyumba isifungwe hana la kuonea haya, na naomba umwambie hivyo wewe baba yake, kwa maneno hayo hayo.

Kwa sheria za Washington ana haki ya kusoma shule ya umma bila ada hadi afikishe miaka 21. Kwa vijana wa hali yake, kati ya miaka 16 na 21, upo mpango uitwao Open Doors, uliotokana na sheria ya mwaka 2010, unaoendeshwa na wilaya pamoja na vyuo vya jamii na asasi. Hafuati ratiba ya kengele. Hupangiwa msimamizi wa kumfuatilia, na anaweza kukamilisha krediti alizopungukiwa au kujiandaa kwa mitihani ya kulingana na diploma. Wanafunzi wenzake watakuwa vijana kama yeye, wengi wao wakiwa na kazi.

Kwa kuwa amevuka miaka 18, ana njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa mtu wa umri wake, nayo ni High School+, inayotolewa na vyuo vya jamii na vya ufundi vya jimbo hili. Chuo huchukua krediti zake 15, kikaangalia kinachopungua, kisha kikampa nafasi ya kukijaza kwa masomo au kwa kuonyesha anachokijua tayari, hata kile alichojifunza kazini. Mwishoni anapata diploma ya sekondari ya jimbo, sawa na ya mtu mwingine yeyote. Krediti zake 2 za sayansi anaweza kuzipata kwa somo lenye kazi za vitendo, na walimu wa madarasa hayo wamezoea watu wanaotoka zamu ya usiku.

GED ni ya haraka kuliko zote. Ina mitihani minne, yaani hisabati, lugha, sayansi na elimu ya jamii, na alama ya kufaulu kila mmoja ni 145. Ule wa sayansi huchukua dakika 90, na sehemu kubwa yake ni kusoma jedwali, kutazama grafu na kupima kama hitimisho fulani linatokana na jaribio lililoelezwa; anayesoma Kiingereza kwa ufasaha hufaulu bila kukariri mengi. Lakini anachopata ni cheti cha kulingana na diploma, na kama ana mpango wa kuingia jeshini ajue kwamba majeshi ya Marekani huwapa nafasi zaidi wenye diploma. Kama shida yake ni kupandishwa cheo kazini mwezi ujao, GED itamtosha. Kama anafikiria chuo au fani yenye leseni, nashauri aende High School+.

Aanze na jambo moja wiki hii: aende katika shule aliyoiacha, aombe karatasi yake rasmi ya alama. Ni yake kwa haki, hata kama aliondoka bila kuaga. Akiwa nayo mkononi aende nayo chuoni, wahesabu pamoja.